Kiti cha Kimya

Kwa Kaka yangu,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba umerudi salama kutoka gereji, mikono umenawa, na mgongo umekuacha upumue wiki hii. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ina mambo yake, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Wanao hawajambo? Yule mdogo ameacha kunyonya kidole, au bado anajificha nyuma ya pazia akinyonya kwa raha zake? Mwambie shangazi yake anamuulizia. Na Mama je, anakunywa chai yake vizuri? Hilo swali nitalirudia huko mbele, kwa hiyo lishike tu kwanza.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia barua ndefu namna hii wakati simu tunazo. Sababu ni kwamba kwenye simu hunisikilizi. Kabla sijafika katikati ya habari utaniambia Kasuku fupisha, kuna mtu ananisubiri na gari lake, kisha unampa wifi simu anisalimie na habari inafia hapo. Barua haikatizwi. Vuta kile kiti chako cha mezani, ukae, usome mpaka mwisho bila kuruka. Kuna mahali utacheka, maana nimemtia mtu adabu mbele za watu, na wewe tangu utotoni unazipenda habari za mtu kutiwa adabu.

Najua huwa unawaambia rafiki zako kwamba mdogo wako anasomea kuongea, nao wanacheka, kwa sababu kuongea nilikuwa nakujua tangu bado natambaa. Acha nikueleze mara moja, kisha usiniulize tena. Ninachosomea ni sauti: jinsi inavyopanda na kushuka mtu anaposema, na jinsi huko kupanda na kushuka kunavyobeba mambo ambayo maneno yenyewe hayayabebi. Lakini kila Alhamisi mchana, wanafunzi wa uzamivu wa idara mbalimbali hukutana katika semina moja ya mambo ya akili, ubongo na tabia. Tunakutana ghorofa ya juu kabisa ya jengo la maktaba, kwenye chumba chenye meza ndefu iliyokwaruzwa, projekta inayonguruma kama friji bovu, na ubongo wa plastiki uliopoteza kipande chake, mtu akaziba pengo kwa nusu ya mpira wa tenisi. Wapo madaktari wa ubongo, yupo mwanafalsafa, yupo mshauri wa familia anayesomea saikolojia, yupo dada mmoja anayechunguza tabia za tumbili, na mimi wa sauti. Kila mmoja wetu anaamini kwamba wengine wote wanapoteza muda.

Profesa wetu, mama mfupi wa miwani mizito, alituchoka akatunga sheria. Katika semina yake mtu haelezi kazi yake mwenyewe. Kazi yako inaelezwa na mwenzako wa fani nyingine, nawe unakaa kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha, mdomo umefungwa, mpaka yeye apige kengele ndogo ya mezani. Tunakiita Kiti cha Kimya. Ukikohoa kwa nia ya kusahihisha, Profesa anakutazama. Ukifungua mdomo, anakunyooshea kidole, na unaufunga. Nimeona watu wazima wenye vitambi wakitoka jasho kwenye kiti kile kwa kusikia tu kazi yao ya miaka ikielezwa na mtu wa tumbili.

Sasa, miongoni mwa madaktari yupo mmoja tunayemwita Kwa Mfano, kwa sababu hawezi kuomba hata chumvi bila kuanza na maneno hayo. Ni kijana mtanashati, shati limenyooka, kicheko chake kinatangulia utani wake. Anaandika kuhusu watu waliopata kiharusi wakapoteza lugha na kubakiwa na neno moja tu, ambalo hulitumia kwa kila kitu. Dai lake kubwa, ambalo ameliandikia sura nzima, ni kwamba neno hilo halina chochote ndani yake. Anasema ni kelele tu, mlango unaolia kwa upepo.

Alhamisi moja alituletea video, kabla ya zamu yake, ili tuonje. Ilikuwa fupi. Bibi mmoja amekaa kwenye kiti, uso umefunikwa kwa kiwingu cha kompyuta asitambulike, mikono iko mapajani. Bibi akasema: pumbavu. Chumba kizima kikacheka. Kaka, nami nilicheka. Naandika hivyo ili usije ukasema nilijitoa. Mtu mzima mwenye heshima zake anaketi vizuri, anajiweka sawa, halafu anatoa tusi kwa upole kama anayekaribisha wageni, nani asingecheka?

Kisha akalisema mara ya pili, nami nikaitambua sauti ya Mama.

Daktari huyo, Kwa Mfano, alikuwa amefuata kanuni zote. Uso alikuwa ameufunika, jina alikuwa amelifuta, mji hakuutaja. Sauti ndiyo hakuigusa, kwa sababu sauti ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ni kosa la wasomi hilo, kufunga madirisha yote na kuacha mlango wazi. Nani hakuijua sauti ile kwetu? Mji mzima uliijua. Mama alikuwa akitangaza treni tangu kabla hatujazaliwa. Abiria wapendwa, treni ya asubuhi itachelewa, tunaomba radhi kwa usumbufu. Watu walikuwa wakija stesheni kugombana, wanaisikia sauti hiyo, wanakaa chini. Unakumbuka alivyokuwa akituamsha kwenda shule kwa sauti ya kazini? Wewe ulikuwa abiria wa kwanza kwa sababu ni mkubwa, mimi nikawa abiria wa pili, na nilivyokuwa nikimwigiza mpaka ukanibandika jina la Kasuku. Mwanamke ambaye hata kuku akiingia jikoni alimwambia samahani, pita nje. Leo, baada ya kiharusi, amebakiwa na pumbavu. Akitaka maji, pumbavu. Akishukuru, pumbavu. Akikuona umeingia na umechoka, pumbavu, tena kwa huruma.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote huku habari za Mama, kwa sababu huku ukisema una mgonjwa wa ubongo nyumbani, kesho yake wanamtaka. Nilitulia, nikaangalia nusu ya mpira wa tenisi, nikahesabu pumzi zangu. Semina ilipokwisha tukaenda kwenye meza ya chai kule koridoni. Daktari akamimina chai, akampa mwanafalsafa kikombe, na kwa sauti ya Mama, naye ni mwigizaji mbaya sana, akamwambia pumbavu. Wakacheka. Alhamisi iliyofuata ikawa ndiyo salamu yao. Unaingia chumbani, mtu anakuvutia kiti, anakwambia pumbavu kwa adabu. Hata Dada wa Tumbili, ambaye nampenda, alinisalimia hivyo, nami nikaitikia kwa tabasamu, na tabasamu lile liliniuma meno.

Siku hiyo ndiyo niliyoapa. Kaka, unanijua. Nikikasirika napiga kelele, zinaisha, tunakula. Lakini hasira hii haikuwa na kelele. Iliingia ikaketi, ikanawa mikono, ikasubiri chakula. Nilimfuata Daktari nikamwambia kazi yake imenivutia sana, na kama hatajali, mimi wa sauti ndiye ningefaa kuieleza zamu yake itakapofika. Alifurahi kama mtoto. Alisema kwa mfano, wewe utaelewa upande wa lugha kuliko hawa wengine. Nikawa rafiki yake. Nilimpelekea vitabu, nilicheka utani wake, nilimwachia nafasi ya dirishani kwenye chumba cha kusomea. Baada ya muda akaniletea flashi yenye video zote kamili, zisizokatwa, ili nijiandae vizuri.

Nilizisikiliza kwenye maabara ya sauti, nimevaa hedifoni, mlango umefungwa. Ile ya Mama, nzima, ni ndefu. Nilipofika katikati nilivua hedifoni, nikatoka, nikasimama koridoni nikisoma matangazo ya vyumba vya kupanga. Kisha nikarudi nikasikiliza mpaka mwisho. Kulikuwa na mtu wa pili ndani ya video ile, yule aliyeshika kamera. Haonekani hata kidole. Lakini anasikika.

Zamu ikafika. Daktari akaketi kwenye Kiti cha Kimya, mguu juu ya mguu, kalamu sikioni. Nilianza kwa kumsifu, na nilimsifu kwa dhati, maana kazi yake ya kupima ubongo ni safi. Nilieleza dai lake kama lilivyo: kwamba neno lililobaki ni kelele. Nilimwona akitikisa kichwa kwa raha. Kisha nikasema kwamba sote tumemtazama sana mgonjwa, nami naomba leo tumchunguze mtu wa pili, kwa kuwa hakuna anayesema peke yake. Nikazima picha. Ukuta ukabaki mweupe, sauti tu ikawa inatoka.

Nitakuandikia tulichosikia, kwa sababu ndicho kilichonileta. Kijiko kinakoroga. Mwanaume anasema: chai hii hapa, Mama, unaiona? Sema chai. Mama anasema pumbavu, la kawaida, la ndiyo nimeiona. Mwanaume anacheka. Hapana, sema chai kwanza. Kiti kinalia, ni Mama ananyoosha mkono. Mwanaume anavuta kikombe, unasikia kisahani kikigonga. Aa-aa. Sema kwanza. Mama analisema tena, fupi. Sema kwanza, ndiyo upewe. Inaendelea hivyo, Kaka, inaendelea kwa muda ambao chai yoyote ingekuwa imepoa. Mwanaume anacheka kila mara, na kila mara kicheko kinapungua raha na kuongezeka ukali. Mwishowe Mama analisema polepole, lote, mpaka mwisho wa pumzi. Kisha mwanaume anasema, basi, nakunywa mimi. Na tukasikia mtu akinywa chai, anavuta kwa kelele, mpaka tone la mwisho.

Hakuna aliyecheka safari hii. Nikawaomba wamchambue mtu yule kila mmoja kwa fani yake, kama tunavyowachambua wengine.

Dada wa Tumbili ndiye aliyeanza. Alisema kwao maabara kuna kamati ya maadili, na tumbili hanyimwi kinywaji ili afanye jambo ambalo mtafiti anajua hawezi kulifanya. Alisema angemfanyia tumbili hivyo, maabara ingefungwa siku hiyo hiyo, na yeye mwenyewe angekubali ifungwe. Mwanafalsafa, ambaye kwa kawaida hamalizi sentensi bila kuigeuza, alisema kwa ufupi kwamba mtu yule hakutaka neno chai, alitaka kuombwa. Mshauri wa familia alichelewa kusema. Alisema anasikia mtu aliyechoka, aliye peke yake, anayeamini kwamba mgonjwa anamfanyia makusudi, na kwamba yeye hangemnyonga mtu huyo. Nilitaka kumwambia anyamaze. Lakini ni haki yako nikuletee na hilo, kwa kuwa nimekuletea mengine. Akaongeza kwamba kuchoka kunaeleza yote mpaka kabla ya kile kikombe kunywewa. Hapo alisema hana la kueleza.

Daktari alikuwa ameshusha mguu. Alifungua mdomo akisema kwa mfano, na Profesa akamnyooshea kidole bila hata kugeuza shingo. Raha niliyoisikia, Kaka, sijui niilinganishe na nini. Niliisikia mpaka kwenye vidole vya miguu.

Kisha nikafanya kazi yangu ninayoisomea. Nilichukua lile neno la mwisho la Mama, lile la polepole, nikatoa mchoro wake ukutani: mstari unaopanda taratibu, unatulia juu, unashuka kwa ngazi mpaka chini. Pembeni nikaweka mchoro mwingine. Niliutoa kwenye kanda ya zamani niliyoirekodi mwenyewe nikiwa shule, siku ile nilipokwenda na redio kaseti yako stesheni ukanichapa kwa kuichukua bila ruhusa. Mistari ile miwili ilikuwa mmoja. Nikawachezea kanda. Sauti ya mwanamke kijana ikajaa chumba kile cha juu, safi, ya heshima: tunaomba radhi kwa usumbufu. Nikacheza ya pili juu yake, pumbavu lile refu, likalala humo bila kubaki nafasi.

Nikawaambia kwamba neno lile si kelele. Bibi yule alikuwa anaomba radhi. Ananyimwa chai yake, haelewi amekosa nini, na kwa neno pekee alilobakiwa nalo anamwomba radhi mtu anayemnyima. Nikasema pia kwamba namjua, kwa sababu ni mama yangu, na kwamba kwa majuma kadhaa nimekuwa nikisalimiwa kwa neno lake kwenye mlango wa chumba hiki. Nikakaa.

Profesa akapiga kengele. Ilikuwa zamu ya Daktari kusema. Tukamgeukia wote, tukangoja. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Hata kwa mfano haikutoka. Dada wa Tumbili alikuwa analia bila kujificha, na mwanafalsafa alikuwa anaikwaruza meza. Nilimtazama Daktari machoni mpaka akainamisha kichwa, na sikumwonea huruma. Sura yake nzima imekwenda na maji. Profesa amemwambia aiandike upya tangu mstari wa kwanza, na video asiionyeshe tena popote.

Nakiri kwamba nilidhani ningetosheka hapo. Ila Daktari alinifuata kwenye ngazi. Hakujitetea. Aliniomba radhi, kwa maneno yaliyonyooka, machozi yakimlenga. Alisema alipokwenda hospitali ya kwetu kutafuta wagonjwa, mwana wa yule bibi alimkaribisha vizuri, akatia saini mwenyewe, akajitolea kurekodi nyumbani. Mwana huyo alimwambia kwamba mama amezoea, hata yeye huona ni mchezo, na kwamba pale nyumbani huwa wanacheka sana. Aliniambia mtu yule ni mkarimu na mcheshi. Nikamwambia ninamjua pia.

Umeketi bado? Basi hicho ulichokalia ndicho Kiti cha Kimya. Kazi yako nimeieleza mimi, wa fani nyingine, nawe hujapata nafasi ya kukohoa.

Niliijua sauti yako kabla hujamaliza kusema chai hii hapa. Ningekosaje kuijua? Ni sauti iliyonifundisha kuendesha baiskeli. Ndiyo niliyokuwa nikiisikia kwenye simu kila Jumapili, ukinieleza kwamba mazoezi ya Mama yanaendelea, kwamba daktari ameagiza, kwamba wewe ndiye unayemwosha na kumlisha wakati wengine wanasomea kuongea. Nami nilikuwa nikiomba msamaha kwa kuwa mbali. Nilikata simu kila mara nikijiona mwizi. Kumbe ulikuwa unakunywa chai yake. Chumba kizima cha wasomi kimekuchambua, Kaka, na hawakujua kama ni ndugu yangu, na mimi niliwaacha. Kila aliposema mmoja nilikuwa nasema moyoni, ongeza. Wala sijutii. Uchovu wako ningeubeba nawe siku yoyote. Ungeniambia umechoka, ningekuja usiku huo huo kwa miguu. Hukuniambia. Ulichukua kamera.

Haya ya mwisho sikuyaandikia chuoni. Nayaandika mezani kwako. Nilifika asubuhi na gari la kukodi ulipokwisha kwenda kazini. Wifi alinifungulia, nikamketisha, nikamsikilizisha ile video. Alikuwa anadhani ni agizo la daktari. Ulimwambia hivyo, na kila ulipoanza hayo mazoezi ulimtuma dukani. Alisikiliza mpaka pale kwenye kunywa. Alipanda kiti, akashusha sanduku la Mama kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo zake.

Mimi nikaenda jikoni, nikachemsha chai, nikampelekea. Sikumwuliza chochote. Aliitazama ile chai, akanitazama, mikono akaibana mapajani, anangoja. Kaka, alikuwa anangoja aambiwe aseme. Ilibidi nikishike kikombe kwa mikono yangu nikiweke katikati ya yake, na hata hapo alikuwa ananitazama kwa hofu, kama nitakinyang'anya. Alipokwisha kunywa nikamweleza kwamba tunakwenda kwangu, tukakae. Akalisema neno lake, na alilisema kwa mlio wa tangazo la treni ya mchana inayoondoka jukwaa la pili, ukipanda mwishoni, ule aliokuwa akiupenda. Wifi akacheka na kulia kwa pamoja.

Kile kikombe ulichokiondoa juu ya barua hii ni chake. Kitazame, kimekwisha chote. Ukimaliza kusoma nenda chumbani kwake, utakuta kitanda kimetandikwa na dirisha liko wazi.

Wanao wasalimie, uwaambie bibi yao amesafiri kwa gari zuri. Wasalimie mafundi wenzako gereji. Wifi nimekwisha kumshukuru kwa mdomo wangu. Usimgombeze, nikisikia nitakuja tena, na nina nakala ya kile nilichokuja nacho. Shikamoo ya kuagia nimeizuia kidogo. Utaipata siku utakayokuja.

Na utakuja, nakujua. Utagonga mlango wangu umebeba matunda. Nitafungua kiasi cha uso wangu tu. Mama atakuwa nyuma yangu kwenye kiti, anakusikia, na pengine atanyoosha mkono, maana yeye ndivyo alivyo. Nami nitausimamia mlango palepale. Yapo maneno mawili ambayo Mama aliwaambia abiria maisha yake yote, kwa treni ambazo hakuzichelewesha yeye, na ambayo alikuambia wewe mpaka pumzi ikamwishia. Wewe ulimi wako ni mzima, hujaguswa na ugonjwa wowote.

Sema kwanza.

Mdogo wako,
Kasuku